Utelezi Ulikuwa kwa Yule Mmoja Tu?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo nimerudi na kisirani, na kisirani chenyewe ni juu ya watu wa fani yangu, yaani waandishi wa habari, hasa sisi vijana tuliotoka vyuoni juzi juzi tukaingia vyumba vya habari tukidhani tunajua kuandika. Nikimalizana nao nitawageukia madereva wa mbio za magari na mashabiki wao. Najua wapo watakaonuna. Wanune tu.

Kuna sentensi moja ambayo kila mwandishi wa habari nchini ameshaiandika. Inasomeka hivi: "Dereva alishindwa kulimudu gari lake kutokana na utelezi." Mhariri haigusi, msomaji haiulizi, na mwandishi anaenda kunywa chai akijua kazi imekwisha. Mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinaijua kuliko ninavyoijua mimi.

Mwaka jana nilitumwa Morogoro kuripoti mashindano ya magari. Usiku wa kuamkia siku ya mbio mvua ikanyesha kama imetumwa. Asubuhi ile barabara ya udongo mwekundu ilikuwa inang'aa kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa nta. Lilikuwepo Subaru moja lililopendeza kuliko magari yote. Limeshushwa chini, limefungwa springi ngumu na shokapu mpya zilizoagizwa kutoka nje, vijana wanapiga nalo picha. Likaondoka kwa mbwembwe, likapita kona tatu, ya nne likaingia mtaroni. Dereva alitoka salama, tunamshukuru Mungu. Mimi nikaandika sentensi yangu: utelezi umemponza.

Siku chache baadaye nilipita kwenye gereji ya mzee mmoja ambaye Lancer lake kuukuu lilimaliza mbio zile likiwa la tatu. Nilitaka maneno mawili matatu ya kujazia makala. Nikamkuta amekalia tairi, gazeti letu liko magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika hii?"

Nikasema ndiyo, nikijiandaa kupokea sifa. Akaweka kidole chenye grisi juu ya sentensi yangu.

"Hebu nieleweshe. Utelezi ulikuwa kwa yule mmoja tu?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Mvua iliwanyeshea wote, udongo ulikuwa wa wote, kona ya nne ilipitwa na kila gari. Kama utelezi ndio chanzo, mbona wengine walifika? Shahada yangu ilikaa kimya kabisa, ikiniachia mimi aibu.

Haya, sasa nisikilizeni alichonieleza, maana ndicho ambacho gazeti halikuandika.

Mvua ilipoanza usiku ule, mzee hakulala. Alivaa ovaroli, akawasha tochi, akatoka hadi barabarani kukanyaga udongo kwa miguu mitupu. Alitaka kujua mambo mawili: juu kuna tope la unene gani, na chini yake kuna kitu kigumu au hakuna. Akarudi, akapiga jeki. Akafungua maungio ya stabilaiza ya nyuma, akaiacha haifanyi kazi. Akazungusha vitasa vya shokapu huku akihesabu tiki, akazilegeza za mbele na za nyuma. Akabadilisha springi akaweka zilizo laini zaidi, akaliinua gari kidogo. Mwisho akafunga matairi membamba yenye kashata ndefu zilizoachana. Alipomaliza kulikuwa kumekucha.

Kwa maneno mengine, mzee alilegeza kila alichoweza kulegeza. Mwenye Subaru alikuwa amekaza kila alichoweza kukaza. Hiyo ndiyo habari ya kona ya nne. Habari ya utelezi ni nyingine kabisa, na kwa kweli si habari.

Najua mashabiki watauliza: kwani gari la mbio si linatakiwa liwe gumu? Hapa ndipo tunapopotezwa na televisheni. Tumeona magari ya kwenye lami, yako chini yamenata barabarani, hayayumbi hata kidogo, basi tukaamini kwamba gari gumu ndilo gari la mbio. Kwenye lami kavu ni kweli. Pale tairi linashika sana, na gari likiingia kona kwa kasi uzito mwingi unahamia upande wa nje. Tairi lina tabia moja: ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Kwa hiyo ni hasara kuulundika uzito wote upande mmoja, na ndiyo maana gari la lami hushushwa, ili uzito usihame sana. Linakazwa kwa kuwa barabara ni sawa, halina mashimo ya kufuata.

Kwenye utelezi hesabu inageuka. Tairi halina mshiko wa kutosha kulilaza gari. Kasi ya kona ni ndogo, nguvu ya kuhamisha uzito ni ndogo, kwa hiyo gari gumu linabaki wima kama meza. Tairi halisukumwi ndani ya tope kufuata udongo mgumu ulio chini, linaelea juu yake tu. Barabara ya udongo nayo haijanyooka kama lami. Ina makorongo na matuta, na gari gumu likikanyaga tuta dogo, tairi linaachana na ardhi. Tairi lililo hewani halina mshiko wowote, hata ungekuwa umelinunua kwa bei ya kiwanja.

Ngoja niwe mkweli kwenye jambo moja, kwa sababu hata waliomo kwenye fani wanalikosea. Springi laini haiongezi sana uzito unaohama. Uzito huo unategemea kimo cha gari, upana wake na kasi ya kona. Ndiyo maana mzee aliliinua gari: lilipata nafasi juu ya makorongo, na pia uzito ukapata kimo cha kuegemea tairi la nje mpaka lichimbe. Kazi ya springi laini ni kuyaacha matairi yote manne yafuate ardhi. Stabilaiza ya nyuma inayafunga matairi mawili ya nyuma pamoja, moja likipanda linalivuta jenzake. Ukiifungua, kila moja linakwenda na shimo lake, na sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia gari lisilale inahamia mbele. Matokeo yake nyuma inapata mshiko na mkia unatulia. Shokapu nazo hazibebi gari, kazi yake ni kuamua haraka ya mambo: pua ishuke upesi au taratibu ukikanyaga breki, mkia ukae upesi au taratibu ukikanyaga mafuta. Ukizilegeza kiasi, gari linakuwa na lugha. Linamwambia dereva "nakaribia kuteleza" kabla halijateleza. Gari gumu halisemi. Linashika, linashika, halafu uko mtaroni.

Mzee alinieleza yote hayo kwa mfano mmoja. Alisema: "Mwanangu, umewahi kupita jarubani na ndoo ya maji kichwani? Unakaza miguu?" Nikasema hapana, nakunja magoti. "Basi gari nalo lina magoti. Yule kijana aliyatia saruji."

Nasikia wengine wanasema hayo ni mambo ya mzee wa mtaani. Sawa, twendeni kwenye vitabu vya kumbukumbu.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na kwetu huku, wakati wa Pasaka, mvua zikiwa kileleni. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na yaliyomaliza ni 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967, naye kwa Peugeot 404. Wazee wetu wanalikumbuka gari hilo: injini ya lita 1.6, gari la familia, la mwalimu mkuu na la teksi, linaloelea kwenye makorongo kwa springi laini na shokapu zenye mwendo mrefu. Mwaka 1964 Wamarekani walileta magari ya Mercury Comet yenye injini kubwa za V8. Hayakufua dafu, ushindi ukaenda kwa Ford Cortina. Kama matope yangekuwa yanashindwa kwa nguvu za injini na moyo wa kiume, orodha ya washindi ingekuwa nyingine.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Mwaka 2021 Safari zilirudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, safari hii zikiwa na makao yake Naivasha. Siku ya mwisho Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye kipande cha Loldia shokapu ya nyuma kulia ikafa. Mbio zikamwishia pale, Sébastien Ogier akachukua ushindi. Dereva yule moyo wake haukupungua usiku ule. Kilichokufa ni shokapu. Mwaka 2024 na 2025 mbio hizo zilifanyika Machi, wakati wa mvua, na timu zenye mabilioni zikaja na yale yale ya mzee wa Morogoro: gari lililoinuliwa, springi za kustahimili mashimo, shokapu za kurekebishwa kila jioni kwa kuangalia wingu. Tofauti ni kwamba wao wana wahandisi wenye kompyuta, mzee ana tochi na nyayo.

Waliofanya jambo hili kuwa elimu kamili ni Wamarekani wa mbio za viwanja vya udongo. Kule kuna viwanja vya mviringo kama Eldora, Ohio, kilichofunguliwa mwaka 1954, na Knoxville, Iowa, ambako mashindano makubwa ya taifa yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1961. Jioni udongo wa mfinyanzi humwagiwa maji, unashika vizuri. Kadiri magari yanavyozunguka maji yanakauka, udongo unasuguliwa, na ikifika usiku uwanja unakuwa mweusi unaong'aa. Utelezi mtupu, tena hakuna hata tone la mvua. Mafundi wa kule wanajua kwamba gari lililoshinda saa moja jioni litashindwa saa nne usiku lisipoguswa. Kwa hiyo kila mapumziko wanaingia chini. Wanalegeza springi na shokapu ili gari lilale vizuri zaidi. Wanapandisha juu vyuma vya uzito ili gari liegemee tairi la nje. Wanapunguza tofauti ya ukubwa kati ya tairi la nyuma la kulia na la kushoto, ambayo kwa kawaida huwekwa makusudi ili gari lipinde lenyewe. Wanachagua mpira laini zaidi na kuukatakata kwa kisu ili upate joto na kingo za kung'ata. Wanabadilisha gia ili tairi lisizunguke bure.

Hakuna fundi wa kule atakayekuja kukwambia "tumeshindwa kwa sababu ya utelezi" bila kuchekwa. Utelezi ndio mtihani wenyewe. Mwanafunzi hawezi kusema amefeli kwa sababu kulikuwa na maswali.

Sasa nirudi kwa wanaonipinga. Wa kwanza atasema: gari laini litayumba na kupinduka. Ndugu yangu, juu ya tope hakuna mshiko wa kukupindua, gari linateleza kabla halijapinduka. Hatari ipo jua likichomoza. Udongo ukikauka mshiko unarudi, na gari lile lile ulilolilegeza alfajiri linakuwa jeneza saa sita mchana. Ndiyo maana mzee huwa anakaza tena kabla ya mzunguko wa mchana, tiki kwa tiki, kutoka kwenye daftari lake. Kulegeza ni jibu la udongo wa saa ile tu. Anayelegeza kila siku ni mjinga sawa na anayekaza kila siku. Na tafadhali, msije mkafungua stabilaiza za Noah zenu za kwendea kazini kwa sababu mmesoma hapa.

Wa pili atasema: mwisho wa yote ni dereva. Nakubali, dereva mbovu hasaidiwi na springi. Lakini dereva mzuri anaendesha kwa habari anazopelekewa na matairi kupitia usukani na makalio. Mpe gari bubu, umempofusha. Tukimsifu akifika na kulaumu tope asipofika, hatujajifunza lolote pande zote mbili.

Wa tatu ndiye anayenikera kuliko wote, na ni mhariri. Yeye husema: "Kijana, msomaji hataki mambo ya springi. Andika ujasiri, andika vumbi, andika mke wa dereva akilia kwa furaha." Ndugu mhariri, msomaji huyo anapita barabara ya udongo kila siku. Anapanda basi masika nzima. Amebadilisha shokapu tatu mwaka huu kwenye gari la mkopo. Umeshamuuliza kama hataki kujua gari linashikaje ardhi?

Na kuna dhambi kubwa zaidi. Angalieni matokeo ya mbio yoyote tunayoyachapa. Jina la dereva lipo, jina la msoma ramani lipo, mdhamini yupo kwa herufi kubwa. Fundi hayupo. Mtu aliyekanyaga udongo usiku wa manane kwa miguu mitupu akaujua, hana hata mstari. Matokeo yake ni nini? Kijana mwenye fedha akitaka kuingia kwenye mbio, hana pa kujifunzia. Anasoma gazeti, anaambiwa ujasiri. Anatazama televisheni, anaona gari gumu la lami. Anaagiza springi ngumu na shokapu za bei kubwa kuliko mshahara wa mwaka wa fundi, anakaza, anakwenda mtaroni. Kisha nakuja mimi na kalamu yangu nasema ni utelezi. Duara limekamilika, na limekamilishwa na sisi.

Nilimuuliza mzee kama ana mwanafunzi. Akasema wapo vijana wawili wanaomsaidia kushika tochi. Nikamwomba nione daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, limejaa mafuta, mwandiko umebanana: tarehe, mahali, rangi ya udongo, mvua ya lini, tiki ngapi mbele, ngapi nyuma, upepo wa matairi, dereva alisema nini aliporudi. Limeanza kabla mimi sijazaliwa. Likianguka kwenye ndoo ya petroli kesho, miaka yote hiyo imekwenda. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumpa mtu alinakili. Akanijibu kwa upole kabisa, bila kunilaumu:

"Hajawahi kuja mtu kuliuliza. Nyinyi mkija huwa mnamuuliza dereva."

Jamani, hilo ni la kuumiza kuliko matusi. Na halipo kwenye mbio tu. Basi likipinduka masika tunaandika utelezi, na hatuulizi matairi yalikuwa na kashata au vipara, shokapu zilikuwa hai au zimekufa tangu mwaka juzi, nani alilikagua. Neno moja limetuondolea kazi ya kuuliza, na limewaondolea wenye makosa kazi ya kujibu.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria, na nawaomba wenzangu tujiwekee. Moja, sitaandika tena kwamba utelezi ulisababisha kitu mpaka niwe nimeuliza gari liliandaliwaje kwa utelezi huo. Mbili, kila nitakaporipoti mbio, jina la fundi litakuwemo kama mwenyewe ataridhia, na mhariri akilikata nitalirudisha kesho yake. Tatu, Jumamosi mbili zijazo nitakuwa Morogoro na madaftari mapya, mzee amekubali nimsomee nami niandike. Ameweka sharti moja tu: niende na viatu vya kuvua, maana kabla ya kunakili ukurasa wa kwanza anataka nikanyage udongo.

Nawasilisha.